Dawa Isiyotapisha

Hivi wewe, umewahi kumwona mtu akiuza dawa ya ugonjwa unaomla mwenyewe? Sisi hapa mjini Phichit tulimwona, tena kavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama.

Jina lake Bunloet. Asubuhi moja alipita hekaluni, kule watawa wanakowanywesha dawa ya mizizi watu waliotekwa na yaba, vile vidonge vya kulevya, ili watapike kwenye mtaro mbele za watu. Akaona foleni: wazazi na mikeka yao, wanangoja zamu wiki nzima. Akanusa biashara. Akamwinamia mama mmoja aliyekuwa akimenya yai la bata.

"Mama yangu, mtoto wako atapikishwe kama paka aliyekula mjusi? Kwangu ni glasi tatu kwa siku, tamu, wala hatapiki."

Wiki haikuisha, alishakodi ukumbi wa karaoke uliofilisika. Dawa yenyewe ilikuwa maji ya ukwaju na sukari. Na kwa kuwa watu hupenda ugonjwa wenye jina refu, majina nayo aligawa. Mzee Thawin, ambaye kosa lake lilikuwa kuongea na jogoo wake wa kupigana, aliambiwa ana mpasuko wa nafsi, daraja la tatu.

"Na jogoo je?" aliuliza mzee.

"Jogoo daraja la pili. Naye mlete."

Kila familia iliacha mkufu wa dhahabu miguuni pa sanamu ya Buddha aliyoiweka ukumbini, uwe rehani mpaka mgonjwa apone. Bunloet, kwa upande wake, alishakata tiketi ya treni ya kusini ya Jumapili.

"Mimi miaka saba sijagusa kidonge!" alikuwa akihubiri, ameshika hirizi nene kifuani. "Hii ndiyo iliyonishika mkono!"

Hapo hakudanganya sana. Ndani ya hirizi, nyuma ya Buddha mdogo, vilikaa vidonge vinne vyekundu vya yaba, vinavyonukia vanila. Kila baada ya mahubiri alikwenda chooni "kutafakari", akarudi macho yanawaka.

Sasa, nguo zile nyeupe alizifua Bibi Chuam, mjane wa mtaa wa nyuma. Bibi hakusoma sana, lakini kola alizinusa. Kola za Bunloet, ambaye sasa watu walimwita mwalimu, zilinukia vanila, sawasawa na za Orathai, binti wa Bibi mwenyewe, aliyekunywa ukwaju wiki tatu na kuzidi kukonda.

Jumamosi asubuhi, ukumbi umejaa, Bibi akaingia na mtungi.

"Mwalimu, leo watu wale kiapo cha kuacha yaba, kama wanavyokula kule hekaluni. Na anayelisha kiapo hunywa wa kwanza."

"Kweli! Ndiyo desturi!" wazazi wakaitikia.

"Kwa furaha, bibi yangu," alisema Bunloet, akidhani mtungini mna ukwaju wake.

"Na hirizi huvuliwa. Huwezi kuapa na kinga shingoni. Lete, niwaonyeshe wenzangu huyo aliyekuokoa."

Kabla hajakataa, hirizi ilikuwa mkononi mwa Bibi, kidole gumba kimekaa kwenye kifuniko. Akamsogelea sikioni.

"Unakunywa, mwanangu, au nafungua?"

Bunloet akawatazama wazazi arobaini. Akanywa. Haukuwa ukwaju; ilikuwa ile mizizi ya hekaluni.

Alitapika wali wa juzi, akatapika mpaka kiburi. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

"Inafanya kazi!" alipaza sauti Mzee Thawin, akipiga sinia kumtia moyo, jogoo naye akiwika. Hiyo ndiyo mara ya kwanza walipomwamini kwa dhati.

Kichwa cha Bunloet kikiwa ndooni, Bibi aliigawa mikufu, kila mmoja kwa mwenyewe.

"Rudini hekaluni mkapange foleni," aliwaambia. "Huyu tutaanza naye."

Siku tano Bunloet alipiga magoti mtaroni, ubavuni mwa Orathai. Kila akimaliza, binti alimpa maji ya kusukutua.

Siku ya tano, mchana, Bibi akamwekea mapajani shati lililofuliwa, tiketi aliyoikuta mfukoni mwake, na hirizi.

"Vidonge nilivimwaga. Lakini stesheni unaijua, na huko kusini vimejaa. Tiketi yako imepitwa, ila mkata tiketi nafua nguo zake. Atakupandisha ya saa nane. Nenda."

Bunloet akafungua mdomo. Uongo aliuzoea, ulikuwa ukimtoka kama maji ya bomba. Safari hii haukutoka. Akaisukuma tiketi pembeni.

"Bibi," alisema, machozi yakimtiririka, "nataka kuacha."