Suruali ya Komando

Dunia ikiisha Jumatatu, Jumanne asubuhi atakayebaki hai ni Komando peke yake, ameketi juu ya kifusi, anakunywa chai ya moto. Maneno haya si yangu mimi. Ni yake mwenyewe, na alimwambia kila mteja aliyeingia kupimwa kiuno.

Komando ni fundi cherehani. Jina hilo hakupewa na jeshi lolote. Alijipa, kisha akawa haitiki akiitwa lingine mpaka mtaa mzima ukachoka kubishana naye. Pori alilijua kwenye simu. Kutwa simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, anatazama wanaume wenye ndevu wakila mizizi msituni, huku yeye anashushia mkate kwa soda. Nyumbani kwake akitokea mende, anayemuua ni mkewe.

Sasa, kila binadamu ana mahali panapomuuma. Kwa Komando palikuwa kwa mama mkwe. Mama huyo, mkunga mstaafu, alikuwa na wakwe wawili wa kiume. Yule aliyemuoa binti mkubwa, mchomeleaji wa mageti, mama alimwita "mwanangu" tangu siku ya posa. Komando yeye aliitwa "fundi". Fundi amekuja. Mpeni fundi kiti. Fundi, mke wako yuko wapi? Wajukuu wamezaliwa, meno yameng'oka na kuota mengine, yeye bado ni fundi, kana kwamba alikuja kufupisha pazia akasahau kuondoka. Hilo lilimuuma kwelikweli. Akilikumbuka alikuwa anashindwa kula, ingawa kwa kawaida alilikumbuka akiwa ameshamaliza.

Kwa hiyo siku mama aliposema anataka kupanda kile kilima cha nje ya mji, autazame mji kwa juu kabla magoti hayajamgomea, Komando akaona bahati imebisha hodi.

"Mama, chai yako ya huko juu niachie mimi," akasema. "Moto nitawasha kwa mikono yangu."

"Si kuna thamosi?"

"Thamosi ni ya wagonjwa, mama."

Mama akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Haya, fundi. Ila mimi nikipata baridi bila chai, sina adabu."

Tusimwonee, kazi ya kutengeneza viwashio aliijua. Alinunua bunda la pamba na kopo kubwa la mafuta ya mgando, yale ya kupaka watoto. Akachambua pamba vidonge vya ukubwa wa ndimu, akavikanda na mafuta mpaka vikashiba. Kimoja akakijaribu nyuma ya duka, juu ya kigae. Kiliwaka vizuri, taratibu, mpaka kinyozi wa jirani akaacha kichwa cha mtu nusu, akaja kutazama, akasema, "Duh." Komando aliipokea hiyo duh kwa unyenyekevu wa mtu aliyegundua moto wenyewe.

Balaa lilianzia kwenye kubeba. Mkewe alimletea kopo la bati lenye mfuniko.

"Viweke humu, baba watoto. Mafuta hayatavuja."

"Kopo? Mimi, fundi mzima, nitembee na kopo kama naenda kuombaomba uji?"

"Jua litaviyeyusha."

"Haya ni mafuta ya mgando, mke wangu. Yameshaganda. Yatayeyuka mara ngapi?"

Mkewe akaondoka na kopo lake. Kuna elimu ambayo mtu huiacha ije yenyewe.

Ndipo Komando akakaa kwenye cherehani akashona suruali ya kaki, pamba tupu, kitambaa kizito cha kunyonya jasho. Akaijaza mifuko: mapajani, magotini, kwenye ndama za miguu, na mmoja nyuma ya goti ambao hata yeye hakujua ataufikiaje. Kila kidonge na chumba chake. Halafu, ili hata mto ukimchukua visidondoke, akaifunga mifuko yote kwa mshono wa mara mbili. Wapo wateja wa Komando ambao suruali zao zilipasuka wakiinama kupiga picha ya harusi. Hao wangeuona mshono ule wangelia. Ulikuwa mshono bora wa maisha yake, na alijishonea mwenyewe.

Asubuhi ya safari akafanya ukaguzi wa mizigo, mikono nyuma. Thamosi akaitoa. Kiberiti akakitoa pia, akakiinua kwa vidole viwili kama amemshika panya mkia.

"Leo tunaishi kama binadamu halisi, moto wa kusugua vijiti," akatangaza.

"Mama asipokunywa chai," mkewe akamwambia kwa sauti ya chini, "usije na maelezo kwangu. Utayapeleka kwake mwenyewe."

Walikuwa wanne: mama mbele na fimbo yake, mkewe na kikapu cha mikate, mchomeleaji amebeba sufuria na dumu la maji, na Komando nyuma akilinda msafara dhidi ya adui ambaye hakuonekana. Jua lilikuwa limejitolea siku hiyo. Hawajafika hata nusu ya kilima, suruali ikaanza kung'aa. Ikaanzia mapajani, ikashuka magotini, mara ikawa inamnata na kutoa sauti kila akipiga hatua.

"Shemeji," mchomeleaji akauliza kwa upole, "hiyo suruali imepatwa na nini?"

"Ni ya kijeshi. Inapumua."

"Mbona inapumua mafuta?"

Makomando hawajibizani na raia. Komando alijikaza kisabuni, akapanda, nzi wakimsindikiza.

Walipokaribia juu, mvua ikashuka bila kuuliza mtu. Haikukaa, lakini ilipoondoka haikuacha kitu kikavu. Kuni chepechepe, majani chepechepe, sweta la mama linachuruzika. Wakajibanza chini ya jabali, na hapo ndipo upepo wa kilimani ukawakuta. Aliyesalimika ni Komando tu, tena kuanzia kiunoni kwenda chini: maji yalikuwa yanateleza juu ya ile suruali na kwenda zao.

Mama alikaa juu ya jiwe, mikono ameificha kwapani, midomo inatetemeka. Mama aliyezalisha nusu ya mji alikuwa anatetemeka, na wa kulaumiwa alikuwa mmoja.

"Fundi," akasema. "Chai."

Komando akapanga kuni kama alivyoona kwenye simu. Kisha akashika mfuko wa paja, akavuta. Mshono haukutikisika. Akavuta kwa mikono miwili. Akajikunja autafune kwa meno, lakini goti na mdomo havikukutana, maana tumbo lilikuwa limetangulia. Mwishowe akalala chali juu ya majani mabichi, mchomeleaji akampasua mfuko mmoja mmoja kwa kisu cha mkate, huku mama mkwe akitazama kama yuko zamu.

Ikatoka pamba. Pamba yenyewe tu, imebanwa bapa, imelowa jasho, haina hata dalili ya mafuta.

"Mafuta yako wapi?" mkewe akauliza, ingawa macho yake yalikuwa yameshafika kwenye suruali.

Mchomeleaji akatoa kiberiti chake cha gesi cha kazini, akampa Komando, na hilo likamchoma kuliko tusi. Komando akawasha kidonge cha kwanza. Kikatoa moshi mwembamba, kikafa. Cha pili kikafa. Vilivyofuata vikafa vyote, kila kimoja kwa aibu yake. Mama akapiga chafya. Mkewe akaacha kabisa kumtazama mumewe, akawa anatazama mji ule wa chini kama anachagua nyumba ya kuhamia.

Komando akachuchumaa, akasogeza kiberiti kwenye kidonge cha mwisho, na ule ulimi wa moto ukakiruka kidonge, ukalamba ukingo wa mfuko wa goti.

Suruali ikawaka.

Iliwaka vizuri, moto wa njano, mnene, uliotulia. Komando akaruka, akaupiga kwa kiganja. Ukainama, ukasimama tena. Mpaka mkewe alipomtandika goti kwa sweta bichi ndipo ukakubali kuzimika. Mama akainuka kwenye jiwe lake, akasogea, akainama akaligusa lile goti kwa kidole, akakinusa kidole. Akamtazama usoni.

"Mwanangu," akasema.

Komando akageuka nyuma kuona kama mchomeleaji amesimama hapo. Hakuwepo. Alikuwa anaambiwa yeye. Miaka yote ile ya kuwa fundi, sherehe zote za kukaa kiti cha pembeni, na leo, juu ya kilima, mbele ya mashahidi! Macho yakamlenga machozi. Angemwambia avuke bahari angevuka, na kuogelea hajui.

"Naam, mama yangu."

"Vua suruali."

Komando akacheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha.

"Mama, heshima... mimi ni mkwe wako. Labda tukate kipande."

"Kipande kitawasha nini, kuni zote hizi mbichi? Vua, mwanangu. Nimekaa wodini maisha yangu yote. Huna cha kunishangaza, na kama unacho, kitakuwa kidogo."

Mchomeleaji alikohoa, akaenda kutazama mandhari. Komando akaenda nyuma ya jabali kama anayekwenda kuhukumiwa, akarudi amejifunga shuka ya maua waliyokuja nayo ya kukalia. Suruali ikawekwa chini ya kuni. Jamani, ile suruali! Iliwaka mguu wa kulia, ikawaka wa kushoto, kuni zikalia, zikakauka, zikashika. Ule mfuko wa nyuma ya goti ulioshindikana kufikiwa ndio ulidumu kuliko yote. Chai ikachemka. Mama akanywa kikombe, akaongeza, rangi ikamrudia usoni.

Na binadamu hafunzwi. Kikombe kilipofika mkononi mwake, Komando akavuta shuka vizuri, akanyoosha shingo.

"Nilisema au sikusema? Nilisema vitawaka."

"Kunywa chai," mkewe akasema.

Wakashuka. Yeye alishuka kwa raha, shuka inampeperuka miguuni, kichwani akipanga atakavyowasimulia wateja, hasa lile neno. Mwanangu. Aliambiwa zaidi ya mara moja, na mashahidi wapo. Suruali ni kitu gani? Suruali atashona nyingine.

Chini barabarani wakakutana na mama mmoja mnene mwenye mwavuli, muuguzi aliyefanya kazi na mama mkwe wodi moja. Wakakumbatiana, wakaulizana hali na wajukuu. Mama mkwe akawatambulisha watu wake: huyu binti yangu wa pili, huyu mwanangu, yule mchomeleaji ninayekwambiaga. Muuguzi akasalimia, kisha macho yake yakatua kwenye maua ya shuka, yakateremka mpaka kwenye vifundo vya miguu vinavyong'aa mafuta, yakapanda tena.

"Na huyu?"

Komando akatoa kifua mbele. Akatabasamu. Akalisubiri neno lake.

Mama mkwe akafuata macho ya mwenzake mpaka kwenye shuka.

"Huyu tumemkuta huko juu, shoga yangu," akasema. "Tunamrudisha kwao."