Ombi la Kurudiwa kwa Vita vya Lango la Kaskazini

Kwa Mheshimiwa Waziri Mamudu,
Birnin Sabke.

Baada ya salamu na kukuombea afya njema, mimi Madaki Hamidu, jemadari wa wapanda farasi wa mji huu kama walivyokuwa baba na babu yangu, naleta malalamiko yangu kwa unyenyekevu. Jumatatu tulivamiwa na jeshi la Dankoro, tukashinda. Hilo ndilo linaloniuma.

1. Wavamizi walipotokea nilianza kuvaa kama desturi ya vita inavyotaka: deraya ya pamba iliyoshonwa tabaka juu ya tabaka, yangu na ya farasi. Watumishi wanne wakaninyanyua hadi kwenye tandiko. Kamba ikakatika, wakanishusha, wakashona, wakanipandisha tena. Wakati huo Barka, mtumwa aliyekabidhiwa bunduki juzi tu, alikwisha kufyatua risasi bila kunisubiri.

2. Alipigana akiwa nyuma ya ukuta. Huo ni uungwana? Mtu anauawa hajui hata amlaani nani!

3. Nilipofika langoni vita vilikuwa vimekwisha. Barka na wenzake walikaa kivulini wakinywa fura ya mtama na maziwa. Alisimama kwa adabu, nakiri, akasema, "Baba Madaki, pole na jua. Vua hayo, uje unywe." Delu, muuza bajia za kunde, akadakia, "Godoro hilo unampelekea nani, Baba, na bibi harusi keshakimbia?" Lango zima likaangua kicheko. Hata farasi wangu alilia kwa namna ambayo sikuipenda.

4. Hakufa mtu wetu hata mmoja. Mheshimiwa, majirani watatuheshimuje? Mwaka jana kule bondeni niliwapanga vijana mstari mmoja ulionyooka kama uzi, tukazikabili bunduki za Dankoro peupe, mikuki juu, ngoma zikilia. Barka alinishika hatamu: "Baba, tuzungukie mtoni. Hapa watatumaliza." Nikamchapa kiboko kwa woga wake. Mstari haukupinda hadi kijana wa mwisho alipoanguka. Waimbaji wanausifu mpaka leo. Sasa Jumatatu hii wataimba nini? Ukuta?

Kwa hiyo naomba ushindi huu ufutwe. Mjumbe aende Dankoro akawatake radhi, nao warudi Ijumaa baada ya sala, tukutane uwandani, kila mtu ameacha bunduki nyumbani. Wakikataa kuziacha zao, si neno. Sisi tuache zetu. Barka afungwe siku hiyo, asije akatuokoa tena.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, na imamu, na mpiga tarumbeta wa ikulu, ambaye siku ile naye alichelewa.

Wako mtiifu katika heshima ya kale,
Madaki Hamidu

Nyongeza: Mama yake Lawal amesimama mlangoni, hataki barua hii itoke bila neno lake. Katika ule mstari wa bondeni walikuwamo wanetu wawili. Amebaki Lawal, na mwaka huu ametimiza umri wa kupanda farasi. Dankoro wakija, Mheshimiwa, tafadhali mwambie Barka amweke nyuma ya ukuta, pale ulipo mnene zaidi. Na kama patabaki nafasi kando yake, mimi naweza kuwajazia baruti. Sijui namna yake, lakini Barka atanifundisha, akiwa amenisamehe.