Fundi wa Kunoa Bure

Ulimi wa Laini haukuwa na mfupa, na baada ya wiki hiyo mwenye ulimi hangekuwa na pa kulala pia. Dada yake alikuwa amemwambia, tena mbele ya shemeji, kwamba Jumamosi achukue godoro lake aondoke. Kwa hiyo alipopita nyuma ya soko akamwona mjane mmoja akiburuta mwenyewe mbao za sakafu, na mlangoni kwake pakiwa na sanduku la seremala limejaa misumeno, randa na patasi, Laini hakuona sanduku. Aliona chumba chenye kitasa na ufunguo. Sokoni kulikuwa na mnunuzi wa vifaa vya mitumba asiyeuliza maswali.

"Shikamoo, mama. Mzigo huo si wako," alisema, akidaka ncha ya ubao.

"Marahaba. Ni wangu, nimeununua."

"Nasema wa kubeba, mama! Fundi yuko wapi?"

"Mafundi wanataka hela. Natandika mwenyewe."

Laini alifurahi moyoni. Mtu bahili ndiye anayelika kwa urahisi. Akisikia neno "bure" husahau kufunga mlango. Akajitambulisha kuwa fundi wa kunoa, na kwamba wajane huwanolea bure, sadaka kwa ajili ya marehemu baba yake. (Baba yake, tuseme kweli, alikuwa mzima, na mwenye afya kumshinda.)

"Vifaa vilivyolala hivi vitakukata vidole, mama. Nipe sanduku, nitakurudishia vinang'aa."

"Bure?"

"Hata asante usinipe."

Mjane akamwingiza ndani na sanduku, akachomoa msumeno akampa. "Basi anza na huu, niuone mkono wako."

Laini akaugeuza msumeno huku na huku, akitafuta kunoa kunaanzia wapi.

"Tupa, fundi," mama akamsaidia. "Nyuma yako."

Laini alikuwa mtu wa kutii wateja. Akautupa msumeno nyuma yake, ukapita dirishani, ukatua uani kwa kishindo kilichomtoa paka kwenye usingizi wake.

Sasa, tupa aliyoitaja mama ni kile chuma cha kukwaruza kinachonolea meno ya msumeno, na kilikuwa kimening'inia ukutani, nyuma ya Laini kabisa. Mtoto wa seremala hukijua kabla hajaota meno yake mwenyewe.

Mama hakucheka. Alimtazama mgeni wake kwa heshima kubwa mno.

"Kumbe wewe ni fundi mwenye njia zako! Sanduku utachukua, mwanangu. Ila kwanza tutandike sakafu, maana vifaa vikiondoka nitafanyia nini kazi? Wewe utanisahihisha tu. Mimi mjane najua nini?"

Hivyo ndivyo Laini alivyoanza kumsahihisha.

"Marehemu alikuwa akisema tuanzie ukuta ulionyooka. Alikosea?"

"Hapana, hapo alisema kweli," alijibu Laini, amepiga magoti.

"Na tuache upenyo wa kidole ukutani, mbao zikivimba zisibinuke?"

"Alikuwa mtu wa maana, marehemu."

"Na ubao usioingia apigwe randa anayeushika, si ukuta?"

"Mama!"

"Nimekosea kusema. Upigwe ubao."

Alikata, akapima, akapiga randa, akasugua msasa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kila mgongo ulipomlilia alilitazama lile sanduku, akapata nguvu. Ijumaa jioni sakafu ilikuwa imenyooka kama maji yaliyotulia, na mama alikuwa akitembea juu yake bila viatu. Kisha akamtwika Laini sanduku, limefungwa kufuli.

"Kanoe vizuri, mwanangu."

Laini alivuka mji mzima shingo imezama mabegani. Mnunuzi akavunja kufuli. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao, mabaki ya sakafu, vimepangwa kwa upendo.

Laini akakaa chini palepale. Lakini mnunuzi alikuwa amekiokota kipande kimoja, anakipapasa kwa kidole gumba.

"Nani kapiga randa hii?"

"Mimi."

"Acha uongo."

"Haki ya Mungu, mimi!"

Ilikuwa kweli yake ya kwanza mjini, na haikupata mnunuzi. Ilibidi mnunuzi ampe ubao na randa, ajionee. Alipomaliza, mnunuzi alitazama maranda yaliyojikunja sakafuni, akatazama udongo uliopasuka chini ya duka lake, akasema kuna chumba huko nyuma, kina kitasa na ufunguo. Akihamia, kesho aanze na sakafu ya duka, na kila mwezi atalipwa.

Asubuhi Laini alikwenda kwa dada yake kuchukua godoro.

"Unakwenda wapi?"

"Nimepata chumba, dada. Nimepata na kazi."

Dada akaweka chini bakuli alilokuwa akilikausha. Akamtazama mikono, akamtazama usoni, machozi yakamlenga.

"Umemfanya nini mtu wa watu, wewe? Sema! Bora useme umeiba, tujue tunaanzia wapi."