Mnunuzi wa Mashine Zilizokufa

Theluji ilipoanguka Adelphi, kule Marekani, watu wenye akili walijifungia ndani. Khalfan alitoka nje anachekelea. Huyu bwana hajawahi kushika koleo maishani mwake, lakini theluji aliipenda kuliko watoto wa shule wanavyoipenda.

Kazi yake ilikuwa moja. Injini ndogo ya petroli ikipigwa na baridi haiwaki mpaka uifunge choki, kile kijiti kinachobana hewa. Wenzetu wengi hawajui, wanavuta kamba mpaka mabega yateguke. Basi Khalfan anafika na sura ya msiba, anafungua choki kwa siri, anavuta kidogo, anatikisa kichwa: imekufa. Anainunua kwa bei ya chuma chakavu, na mtaa wa pili inanguruma kwa mteja mwingine. Halafu usiku analala usingizi, mshenzi yule!

Siku hiyo aliona mashine nyekundu ya kusukuma theluji, inameta, mlangoni kwa Chelagat, Mkenya anayehudumia wazee. Mteja alikuwa naye tayari: Kuria, jitu la miraba minne lenye tenda ya kusafisha uwanja wa kanisa. Ameshalipa, anasubiri garini barabarani.

"Dada yangu, pole na baridi. Hii inawaka?"

"Hata sijui, bro. Nimeivuta nikachoka."

Khalfan akaishika kamba kwa vidole viwili tu, maana akivuta sawasawa inaweza kuwaka akaumbuka. Akashusha pumzi. "Imekufa, dada. Kabisa."

"Woi! Uko sure? Usikuje kusema nimekuibia."

"Mashine hizi ndiyo kazi yangu. Hii maiti, nakusaidia tu kuiondoa."

Chelagat akaita majirani washuhudie, kisha akang'ang'ania bei. Kuria akapiga honi, akapiga tena. Kwa haraka na tamaa, Khalfan akatoa pesa nyingi kuliko alivyozoea.

Akaiburuta hadi garini, akafunga choki kwa madaha, akavuta. Kamba haikusogea. Akaikanyaga mashine, akavuta kwa mikono miwili. Wapi! Injini ilikuwa imeungua ikakwama tangu mwaka jana, ilipoendeshwa bila oili.

Akarudi mbio. "Umeniuzia mashine mbovu!"

"Kwani si wewe ulisema imekufa? Hawa wote wamekusikia."

Majirani wakakubali, wanacheka bila haya.

"Nilisema tu!"

"Na mimi nikakuamini," akasema Chelagat, akafunga mlango. Khalfan alipogeuka, Kuria alikuwa ameshafika, mkono wazi, anataka pesa zake.