Kigelegele cha Wodini

Leo nimeadhirika, wenzangu wa darasa la jioni. Mbele ya wodi nzima! (Mwalimu msimwoneshe haya.)

Mnajua juzi Sleiman wangu, kitinda mimba, kapasuliwa tumbo. Utumbo ulijiingia wenyewe, kama mkono wa kanzu uliopinduka. Dokta, Mungu ampe umri, kauvuta ukatoka, kamshona. Kisha kanipa sharti: "Bi Salma, hapana ziwa mpaka mtoto ajambe. Akijamba, njia imefunguka. Ukimnyonyesha kabla, utamuua."

Basi mie nkakaa kutega sikio! Mtoto analilia ziwa, nami nalia naye. Kina mama wote wodini wakaniombea dua, Sleiman ajambe. (Tangu nianze kuswali, dua hiyo sijapata kuiomba.)

Asubuhi dokta kaja. Kainama, kambonyeza tumbo taratibu. Sote tukanyoosha shingo. Mara, puuu!

Allahu Akbar! Nkapiga kigelegele, wenzangu wakapokea, nkasujudu palepale sakafuni. Nkainuka nkasema kwa sauti, "Tangu nizaliwe sijasikia sauti tamu kama hii!" Mkono ushaingia buibuini kutoa ziwa.

"Bi Salma, ngoja!" Dokta jasho linamtoka. "Usimnyonyeshe. Si yeye."

"Si yeye vipi? Mie nna masikio! Nnasoma skuli ya jioni!" (Ati ndiko tunakofundishwa hayo.)

Dokta katazama viatu vyake. "Ni mimi. Mbaazi za asubuhi."

Lahaula! Vigelegele vikatufia mdomoni. Nkajigubika buibui mpaka utosini. Na mie sauti nshaisifu!

Hata radhi sijamtaka, tukasikia tena. Pii. Nyembamba hiyo. Safari hii hakuthubutu mtu kupiga kigelegele. Sote tukamgeukia dokta.

Kanyanyua mikono juu: "Wallahi si mimi!"

Nkalifunua winda la Sleiman. Limejaa choo, alhamdulillahi! Dokta kacheka mpaka kajikalia kitandani. "Mnyonyeshe, Bi Salma. Mnyonyeshe!"

Sasa hivi nnavyoandika, yumo anavuta ziwa hana habari na mtu. Nichekeni mie, nimekubali. Dokta msimcheke: angenyamaza kuficha aibu yake, mwanangu ningemuua kwa mkono wangu. Kesho nampelekea mkate wa kumimina.

Mbaazi, abadan!