Wimbo wa Cherehani ya Mama

Jumatatu, 3 Desemba 1973
Wamebeba cherehani! Askari wawili wa Chifu wameingia asubuhi, wakasema Mama hajatoa harambee ya zahanati. Mama akawaambia ngojeni kwanza nishone yunifomu za Januari, nitatoa. Wapi! Sasa iko kwa baraza ya ofisi ya Chifu, imefunikwa gunia. Bila hiyo cherehani hatuli. Mimi nilisimama imara kabisa. Nyuma ya choo.

Lakini niko na mpango. Gazeti iliyofungia sukari inasema weusi wa Marekani walinyimwa haki, wakatembea barabarani wakiimba, mpaka sheria ikabadilishwa. Kuimba tu! Kuna mahali imeandikwa mbwa wa polisi. Hiyo nimeruka.

Jumanne, 4 Desemba
Shida: kutembea kundi bila kibali ni kufungwa. Nimewaza mpaka kichwa ikauma. Halafu, weh! Si ni Desemba? Wavulana wakitoka kwa kisu cha tohara asubuhi, kijiji kizima kinawasindikiza nyumbani kwa nyimbo, na siku hiyo matusi ni ruhusa. Shangazi anatukanwa mchana kweupe na anacheka. Kibali ya nini? Nani atakasirika? Hii akili yangu inanishtua.

Nimetunga wimbo tayari. Inasema cherehani imelala barazani kama mlevi, basi nani atamalizia Chifu suruali ya Jamhuri? Na ni ukweli! Suruali ya Chifu iko hapa kwetu, mguu mmoja umeshonwa, wa pili bado. Askari wake hawakuuliza.

Sauti yangu ni ya mbuzi, kwa hivyo nimeomba Machogu aongoze. Huyo jirani anajivunia gitaa yake kama amezaa. Akaniuliza kama siogopi. Nikamcheka. Halafu nikafunga dirisha.

Ijumaa, 7 Desemba
Mungu wangu. Tulikuwa tunapeleka mtoto wa Bosibori nyumbani. Machogu akaanza. Wamama wakadaka. Mpaka wachuma chai wakaacha vikapu wakaingia! Tukapita kwa ofisi. Chifu akatoka barazani anacheka, hata akarusha bega kidogo, maana anapenda ngoma. Halafu wakafika kwa ubeti wa suruali.

Bega ikasimama.

Askari wakavaa kofia. Nilikuwa mbele. Nikajikuta katikati. Nikajikuta nyuma. Nikajikuta ndani ya majani chai, uso chini. Kumbe ruhusa ya matusi ni ya shangazi, si ya Serikali.

Jumapili, 9 Desemba
Jana, Sabato, kanisani nilikaa karibu na dirisha. Mzee Andrew wa kanisa akikohoa, naruka. Chifu anatafuta mtunzi, amesema atamtafuna bila chumvi.

Leo soko ya Ikonge watu wamemnunulia Machogu chai na mandazi. Mtunzi wetu! Mtunzi wetu! Na yeye anakula tu, hakatai! Nyamusi, ambaye mimi ndiye nampenda, amempigia makofi. Nikataka kupaza sauti kwamba ni mimi. Askari akapita. Nikauliza bei ya vitunguu.

Jumatatu, 10 Desemba
Wamemshika Machogu. Walimkuta anatengeneza gitaa, wakamfunga mikono na kamba ya ng'ombe. Sili. Kila buti nikisikia naona inakuja kwangu.

Mama akanitazama akasema, "Mogaka, suruali ilikuwa kwa meza yangu. Machogu angejua aje ina mguu mmoja?" Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alijifunga kitenge, akaita Bosibori na wamama wote wa wavulana, wakaenda kwa Chifu wakiimba wimbo wangu. Akaniambia kama niko na miguu nifuate.

Nilikuwa nayo. Nimeitumia kufika Sironga. Niko kwa shangazi Persis, chini ya kitanda.

Jumanne, 11 Desemba
Persis amerudi sokoni na habari. Wamama walikaa barazani wakaimba tu. Wakitishwa, wanaongeza sauti. Chifu akakumbuka kesho ni Jamhuri, na D.C. atakuja, na yeye ana mguu mmoja. Hakuna fundi mwingine alikubali kushona! Kabla jua halijashuka, askari wale wale wamerudisha cherehani wenyewe. Machogu ametolewa pia, jicho limefura kama chapati.

Tumeshinda! Nimetoka chini ya kitanda.

Jumatano, 12 Desemba
Jamhuri. Chifu na miguu miwili. Machogu amebebwa mabegani. Baadaye alinivuta kando, akanong'ona kwamba walimpiga amtaje mtunzi, akawaambia wimbo hauna mwenyewe, ni wa wote. Akaniomba kwa upole nifunge mdomo, maana Chifu bado ana hasira.

Hauna mwenyewe! Sijawahi kusikia wizi kama huu. Na jicho lenyewe analitembeza mbele ya Nyamusi makusudi!

Ijumaa, 14 Desemba
Nimemaliza wimbo mpya. Unasema ule mguu wa pili umeshonwa mfupi. Kila ubeti unaishia na jina langu, jina la baba, na njia ya kufika kwetu. Asubuhi wavulana wa mwisho wamesindikizwa nao, nikaongoza mwenyewe na sauti yangu ya mbuzi. Sasa hata Machogu hawezi kula mandazi yangu.

Saa hii askari wanne wako pale njia panda wanauliza kwa Mogaka ni wapi. Wanne! Wanajua jina! Watu wote wananyoosha kidole huku. Nachana nywele, maana msanii hutazamwa.

Mama ameinua cherehani kichwani, anakimbia nayo kupitia migombani. Mama yangu jamani. Anapisha wageni wapate mahali pa kukaa.