Charles na Tikiti ya Familia

Kama mpira ungekuwa na kafili, yule mwajiri anayemdhamini mgeni Uarabuni, basi kafili wake angekuwa Charles! Hilo hakulisema mtu mwingine. Alilisema Charles mwenyewe, akiwa amesimama juu ya kreti za maji katika ghala la mtaa wa Al-Sulay, Riyadh, alikokuwa karani wa mizigo.

Ulikuwa mwaka ule wanawake walipofunguliwa milango ya viwanja Saudia. Baridi ya Riyadh ilikuwa imelegea, msimu mpya wa kombe la majira ya kuchipua ulikuwa unaanza Jeddah, na Charles halali, hali, hafungi mdomo. Akatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya, sauti nzito ya waziri anayefungua daraja:

"Sasa uwanja utajaa kina mama na chupa za maziwa! Mwanamke na kuotea, wapi na wapi? Ngojeni niende mwenyewe niwaletee uchambuzi."

Kisha akaonyesha tikiti. Dancan, mwenzake wa chumba, akaikagua.

"Buda, hii ni ya upande wa familia. Familia yako si iko Bungoma?"

"Huko ndiko kwenye viti vizuri, bana! Wewe kasukumane na mabachela."

"Mlangoni watakuuliza."

"Nimewashinda watu wa forodha kwa maneno, nishindwe na bawabu?"

Akapanda basi la Jeddah, skafu shingoni, miwani myeusi usoni, utadhani rais wa shirikisho anakwenda kukagua nyasi.

Bawabu aliitazama tikiti, akatazama nyuma ya Charles, akaitazama tena tikiti.

"Familia wapi?"

"Wanakuja."

"Mafi familia, hakuna familia, mafi kuingia. Yalla!"

Charles akamwaga Kiarabu chake chote, kikaisha kabla bawabu hajapepesa jicho. Akakimbilia mlango wa wanaume walio peke yao. Tikiti halas, zimekwisha! Ndani mashabiki wananguruma, mfukoni simu inatetemeka: "Mchambuzi, tuma picha!"

Bora wamrudishe kwao kuliko arudi Sulay bila kuuona mpira!

"Weye si Charles wa miwani?"

Alikuwa Mwatime, yaya kutoka Kwale, mtoto mchanga begani, wawili wamemng'ang'ania baibui, begi la nepi mkononi. Ile sauti ya kundini aliisikia, tena mara mbili. Pembeni, madam wake alikuwa akimfokea mumewe kwa simu kwa kughairi kuja.

"Dada Mwatime! Dadangu wa damu! Niingize."

"Leo nimekuwa dada? Haya. Nitamwambia madam u ndugu yangu. Lakini mtoto utambeba weye."

"Mpaka mlangoni."

"Mpaka filimbi ya mwisho. Na begi la nepi."

"Mtoto au begi, dada. Chagua kimoja."

"Basi kaa salama, kaka." Akageuka.

"Vyote! Nimesema vyote!"

Safari hii bawabu alipisha, tena kwa salamu.

Kumbe mtoto hakupenda mpira. Charles akiketi, mtoto anapiga ukelele wa refa aliyemeza filimbi. Akimtembeza kule nyuma kwenye korido, kimya. Basi Charles akatembea! Goli la kwanza alilisikia. La pili lilimkuta chooni, nepi moja mkononi, nyingine mdomoni.

Mechi ilipokwisha tu, Dancan akapiga simu, ghala zima nyuma yake.

"Mchambuzi! Lile goli walilokataa, lilikuwa halali?"

Kumbe kuna goli lililokataliwa? Charles akaiziba simu kwa kiganja. "Dada, niokoe. Ilikuwaje?"

Mwatime hakumjibu yeye. Aliichukua simu.

"Ameotea! Mabeki wamepanda wote, yeye kabaki nyuma yao anapiga soga na kipa. Refa yuko sawa. Mlitaka nini?"



"Nani huyo?" Dancan akauliza. "Charles, mwachie huyo dada simu! Dada, na lile la pili?"

La pili likaelezwa, na la kwanza, na penalti ambayo Charles hakujua kama ilipigwa.

Madam akaja, akamtazama mwanawe aliyelala fofofo begani kwa Charles, akasema maneno kwa upole.

"Anasemaje?" Charles akanong'ona.

"Anasema mechi ijayo uje tena," Mwatime akajibu, akimrudishia simu. "Nami namuunga mkono. Ukimbeba weye, mpira naona vizuri."